Kwa matabibu wapya: mgonjwa wa mawe ya figo msimwachie aende bila kumpima presha

Wadogo zangu mnaoanza kazi idara ya wagonjwa wa nje, mgonjwa wa mawe kwenye figo mtakutana naye mapema. Anaingia ameshika kiuno, hawezi kukaa wala kulala, jasho linamtoka. Akishapata dawa na maumivu kutulia, atataka kwenda zake. Hapo nawaomba mumzuie kidogo.

Tafiti zilizofuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba waliowahi kupata mawe ya figo huandamwa zaidi na presha, mshtuko wa moyo na kiharusi. Si kwamba jiwe huziba mshipa wa moyo. Vyanzo vingi ndivyo vinavyofanana: unene, kisukari, chumvi. Chumvi ikizidi, presha hupanda na figo humwaga kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Na ambaye mwili wake hauitikii insulini vizuri, mkojo wake huwa na asidi zaidi, na hapo ndipo mawe ya asidi ya yuriki hujijenga.

Presha mpimeni maumivu yakishatulia, kwa sababu maumivu yenyewe huipandisha. Pimeni pia sukari na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Kabla ya kumpa diklofenaki ya kutuliza maumivu, ulizeni habari za moyo na figo, maana dawa hiyo inaweza kuviumiza vyote viwili. Na hili lishikeni sana: mtu wa zaidi ya miaka 60 akija na maumivu ya namna hii kwa mara ya kwanza, msikimbilie kuandika “jiwe”. Aota, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ikiwa imetanuka tumboni na kuanza kuvuja huuma vivyo hivyo, na inaua kwa saa chache. Apigwe ultrasaundi hapohapo.

Mtasikia wagonjwa wakiambiwa waache maziwa. Ushauri huo si sahihi. Kalsiamu ya chakula, kama ile ya maziwa, hunasa tumboni oksaleti, kemikali ya vyakula inayojenga mawe mengi, kabla haijafika kwenye mkojo. Utafiti wa Italia wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba wanaume waliokula kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama walirudiwa na mawe mara chache kuliko waliopunguza kalsiamu. Cha kupunguza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya ng'onda, ya chipsi na ya viungo vya pakiti.

Maji tunashauri ya kutosha kumfanya akojoe lita 2 hadi 2.5 kwa siku, na kwa joto la Dar es Salaam atahitaji kunywa zaidi ya hapo. Ila chunguzeni miguu kwanza. Aliyevimba, anayehema akilala chali, huenda moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, na maji mengi yatamzidishia. Huyo kiasi chake kipangwe na daktari anayemtibu moyo, kisha kiandikwe kwenye faili ili wa zamu inayofuata asimpe ushauri mwingine.