Nyota ya kwenye jiwe ikinyooka mno, mie napata wasiwasi

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Mie niko Wete. Mume wangu ni mvuvi na mpenzi wa pete za fedha, za akiki anazo tatu, sasa nataka nimfanyie sapraizi ya yakuti ya nyota, ile ukiimulika inatokea nyota ya mwanga juu yake. Kuna mtu ananiuzia moja ya bluu, karati 7, anasema ya asili kabisa haijapikwa kwa moto, na hoja yake ni kuwa jiwe likipikwa nyota hufutika, basi kama nyota ipo ndo halijaguswa. Picha nimekutumia. Nyota imekaa katikati kama imechorwa. Nichukue? Na kama si hili, nitazame kitu gani?

JIBU: Wa alaykum salaam dada. Picha nimeiona, na hilo neno lako "kama imechorwa" ndo lilonifanya nikae niandike. Usilipe bado.

Kwanza ujue ile nyota inatoka wapi. Ushaona kigurudumu cha uzi wa cherehani, ule unaong'ara, ukiushika juani unapita mstari mmoja wa mwanga unaokata nyuzi? Basi ni mambo hayo hayo. Ndani ya yakuti mna visindano vyembamba kuliko unywele, vya madini yanayoitwa rutile, sie wa kazi hii tunaita hariri, na vimelala kwa mielekeo mitatu kufuata umbo la jiwe lenyewe. Kila mwelekeo unatoa mstari wake wa mwanga, mistari mitatu ikikutana juu ya jiwe lililokatwa duara kama kichuguu unapata miale sita. Sasa jiwe limekulia chini ya ardhi, hariri haikujipanga kwa rula, pahala imejaa pahala imepungua, ndo maana jiwe la kweli mara nyingi utakuta mwale mmoja umekonda kidogo, au nyota imesogea upande, au ukiligeuza ubavu unaona mistari ya rangi imenyooka na kukunja kona kama umbo la pande sita.

Kuhusu hoja ya muuzaji, kasema nusu. Ni kweli moto mkali, ule wa kupita nyuzijoto 1,600, unaiyeyusha hariri ndani ya jiwe na nyota inaondoka, na wa-Thailand miaka ya 1970 walikuwa wanachukua mawe meupe meupe ya Sri Lanka yalojaa hariri wanayapika yanatoka bluu safi. Lakini moto wa chini kuliko huo unaweza kuiacha hariri ilivyo, jiwe likawa limepikwa na nyota yake ipo. Halafu nyota inatengenezwa kwa moto pia! Tangu 1947 kampuni ya Linde ya Marekani ilianza kuuza yakuti za nyota za kiwandani, unga ule ule wa yakuti wanatia titani, kisha wanalipika jiwe muda mrefu mpaka visindano vijitenge vyenyewe ndani. Zile ni yakuti kweli, ugumu ule ule wa 9 kwenye kipimo cha 1 mpaka 10, uzito ule ule, ila hazijatoka ardhini. Na nyota yake ndo hiyo ya kwako, miale sita mikali iliyonyooka sawasawa kama iko juu ya ngozi ya jiwe, mgongo umelainishwa ukawa bapa unang'ara, baadhi zina herufi L kwa nyuma. Na kuna mawe ya asili kabisa ambayo nyota yake imepikwa juu juu tu, titani imeingizwa kwenye ngozi ya jiwe na ndani hamna kitu.

Kwa hiyo nyota peke yake haithibitishi chochote.

Fanya hivi. Litoe dukani, mataa ya dukani mengi yanaichanganya nyota, lipeleke nje saa nne asubuhi jua likiwa kali au tumia tochi ya simu, taa moja tu. Litikise taratibu: nyota inatakiwa itembee juu ya jiwe bila kukatika katika. Kisha ingia kivulini. Nyota ya kweli kwenye kivuli inafifia au inapotea kabisa kwa sababu inataka mwanga wa pahala pamoja, sasa ukiiona bado iko pale pale imekukodolea macho basi pengine ni kioo kilichochorwa mgongoni au kilichobandikwa kitu nyuma.

La pili ni mizani ya sonara, ile ndogo ya kupimia dhahabu. Karati 7 ni gramu 1.4. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, ifute irudi sifuri, lifunge jiwe kwa uzi mwembamba ulizamishe bila kugusa chini wala ubavuni. Yakuti itaonesha karibu 0.35, maana uzito wake ni mara nne ya maji. Kioo cha kawaida au jiwe la kwatsi itapanda mpaka nusu gramu na kitu. Hii inakutolea feki za bei rahisi, lakini la kiwandani litapita bila tabu, usije ukasema fundi kanambia.

(Mie mwenyewe nilipoanza nilinunua "yakuti nyeusi ya nyota" miale minne, nikajiona mjanja kwa bei niliyoipata. Siku moja sumaku ya spika mbovu iko mezani, jiwe likasogea lenyewe. Ilikuwa diopsaidi ya India, jiwe jingine kabisa. Yakuti nyota yake ni miale sita, mara chache kumi na mbili, ikiwa minne liache hapo hapo.)

Tatu lensi ya mara kumi, kila sonara anayo. Hariri ya asili utaiona, visindano vinapishana kama mfumo wa mkeka ila kwa pembe pana. Ukiona mistari ya rangi imepinda kama upinde au vipovu vya duara, hilo la kiwandani. Ukiona visindano vimekatika vikawa vidoti vidoti, hilo limepata moto.

Sasa kuchagua. Hapa ndo watu wanapotea, wanataka bluu ya kuiva na nyota kali vyote pamoja. Hariri ikiwa nyingi nyota inakaza lakini rangi inakuwa ya maziwa au kijivu, ikipungua rangi inapendeza nyota inalegea. Jiwe lililokusanya vyote viwili lipo ila bei yake si ya pete ya sapraizi. Mie kwa pesa ya kawaida nachukua la kijivu-bluu la Sri Lanka ambalo mwanga unapenya kidogo na miale inafika mpaka ukingoni, kuliko bluu kali nyota imekatika njiani. Ukitafuta la kuweka tu kama kumbukumbu basi hata dosari ya kuvutia inaruhusiwa, ile Star of India iliyoko makumbusho ya New York, karati 563, ni ya kijivu-bluu na watu wanapanga foleni kuiona.

Na ligeuze utazame tumbo, yaani huo huo mgongo wa chini. Jiwe la asili mara nyingi tumbo halijasuguliwa, na hiyo ni dalili nzuri, lakini wengine wanaacha tumbo kubwaaa ili karati ziongezeke. Unalipia uzito ambao hauonekani na jiwe halikai kwenye pete.

Kama bei ni kubwa, neno "halijapikwa" libaki kwenye karatasi ya maabara, kama GIA au SSEF, iliyoandika kuwa hakuna dalili ya kupashwa moto, na uzito na vipimo vilingane na jiwe ulilolishika. Muuzaji akikataa jiwe kupimwa, mrejeshee kwa heri.

Ukishalipata mwambie sonara alehemu pete kwanza, ipoe, ndo aweke jiwe. Boraksi, ile dawa ya kulehemu, ikiwa ya moto inaila ngozi ya yakuti, na mshipa uliokuwa hauonekani unaweza kupasuka. Mwambie alizungushie ukingo wa fedha jiwe zima badala ya makucha, mume wako si unasema anavua?

Nitumie picha ya mgongo wa hilo jiwe, na moja ya ubavuni ukilimulika kwa nyuma.