Alhamisi ni siku ya shule, mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 32, mama wa watoto watatu, naishi Kibirizi hapa Kigoma. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii: natembelea kaya, nafuatilia wajawazito na watoto wachanga, nawapeleka zahanati wenye dalili za hatari. Mwenzangu wa mtaa huu ni mzito wa kazi, kwa hiyo hata kaya zake nazimaliza mimi. Pia ni mweka hazina wa kikundi chetu cha sabuni ya mawese, katibu wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, na mjumbe wa kamati ya shule. Nikipita mtaani naitwa daktari.*

*Tatizo ni mume wangu. Ni mvuvi, hukaa kambi za kusini upande wa Uvinza, anarudi mbalamwezi tu, na siku hizo hizo ndizo anazotaka nisitoke. Juzi alisema, "Kazi yako siikatai, ninachokataa ni nyumba kuwa stendi." Maana yake nichague. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa alikaa tu nyumbani, mimi na mimba ndiye niliyelisha familia, na yeye akawa ananiaibisha kwa kubeba ndoo bombani watu wakimcheka. Mama yake ndiyo kabisa. Mtoto wangu mdogo alipotimiza mwaka, bibi huyo alimbeba akampeleka chanjo ya surua bila kuniambia, ili mtaa uone sijui kulea. Namshukuru binti yangu mkubwa, miaka 10, darasa la nne. Anajituma sana, kila Alhamisi hukaa na mdogo wake kutwa nzima. Mdogo sasa ana mwaka na miezi miwili. Niache kazi, au niachane na mwanamume asiyependa maendeleo?*

*Mama Watatu, Kigoma*

Marahaba mwanangu. Pole na uchovu. Kupanda na kushuka vilima vya Kigoma kaya kwa kaya, jua la kiangazi kichwani na daftari kwapani, ni kazi ya kweli, na wapo watoto wanaopumua leo kwa sababu ulibisha hodi kwa wakati. Hilo nalisema mwanzo ili lisipotee, maana mengine yote nitakayosema hutayapenda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza kuhusu mume, lakini mimi nimekwama kwa binti. Umeandika kwamba kila Alhamisi anakaa na mdogo wake kutwa nzima. Alhamisi ni siku ya shule, mwanangu. Na mistari michache kabla ya hapo umeniambia wewe ni mjumbe wa kamati ya shule. Sijui kama uliyasoma hayo mawili pamoja kabla ya kutuma. Mimi nimeyasoma, na yamenikaa moyoni siku mbili.

Katika kila siku tano za masomo mtoto huyo anakosa moja. Darasa la nne ndilo lenye upimaji wa kitaifa, na mwalimu hafundishi tena Ijumaa kile alichofundisha Alhamisi kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekuwa nyumbani akibembeleza. Mtoto wa mwaka na miezi miwili anatembea, anakimbilia moto, anaokota kila kitu na kutia mdomoni, na akichoka anataka mgongo. Mgongo wenyewe ni wa mtoto wa miaka 10. Ungekuwa umeingia kaya ya mtu mwingine saa nne asubuhi ukakuta hali hiyo, ungemwuliza mama wa nyumba ile maswali makali, na ungekuwa na haki.

Halafu umesema anajituma. Hajajituma huyo. Ametumwa. Mtoto wa kike wa kwanza huwa hasemi hapana, si kwa sababu hana hamu ya kwenda shule, bali kwa sababu anamwona mama yake amechoka na anampenda. Usiutumie upendo huo kama kijakazi. Alhamisi inayokuja awe darasani, na hili siliweki kwenye orodha ya mambo ya kufikiria. Ni la wiki hii.

Sasa mama mkweo. Chanjo ya kwanza ya surua na rubella hutolewa mtoto akifika miezi 9. Unalijua hilo kuliko mimi, unawaimbia wenzako kila siku. Wako alikwenda akiwa na mwaka, na aliyempeleka ni bibi. Kwa hiyo miezi mitatu ilipita nyumbani kwa mhudumu wa afya bila mtu kufungua kadi. Waliosema mganga hajigangi walikuwa wameona. Sikulaumu kwa kusahau, kila mama amewahi kusahau kitu kikubwa. Ninachokukatalia ni hapa: mwanamke mzee amembeba mjukuu mgongoni, amepanga foleni na wasichana wanaoweza kuwa wajukuu zake, amerudi na mtoto aliyekingwa, na wewe umemwandikia mashitaka. Umeandika "bila kuniambia". Angemwambia nani, na wewe ulikuwa wapi? Fadhila ya punda ni mateke, na mateke haya yamempata mtu asiyestahili.

Kuna jambo nataka ulijue. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ndoa ilikuwa imevunjika, na swali likawa kama mke aliyekuwa akipika, akifua na kulea ana mchango wowote katika mali iliyochumwa. Mahakama ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu alilodai, lakini kauli ile imewabeba wanawake wengi tangu hapo. Sasa nikuulize. Ikiwa jasho la jikoni ni jasho linapokuwa lako, linageukaje kuwa fitina linapokuwa la mkweo? Unatoka saa mbili asubuhi na heshima yako ya udaktari kwa sababu kuna mtu amebaki na sufuria, nepi na mtoto anayeota meno. Mkono mmoja haulei mwana. Na huo mkono wa pili hujaushukuru hata kwa doti moja ya kanga.

Nasema haya kwa sababu niliyafanya. Mwaka 1978 nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima jioni, Ujiji. Wazee wenye mvi walikuwa wakiandika majina yao kwa mara ya kwanza mbele yangu, na nilijiona nimeshika nchi kwa mikono miwili. Binti yangu wa miaka miwili alikuwa kwa mavyaa wangu tangu alasiri hadi usiku. Niliamini kabisa kwamba nimempa mama yule mjukuu wa kumwondolea upweke. Siku moja nimerudi, nimesimama mlangoni, mtoto akaungua mkono kwa uji. Alikimbia kuelekea upande wangu, akanipita, akaenda kumlilia bibi yake chumbani. Nilibaki pale na vumbi la chaki vidoleni. Sikuacha kufundisha. Niliacha masomo ya Jumamosi, na usiku ule ule nilipiga magoti mbele ya mavyaa nikamwambia asante ambayo nilikuwa nadaiwa miaka miwili. Alilia. Hakuwa akilalamika kwa mtu, lakini alikuwa akingoja.

Kwa mumeo nitasema wazi: niko upande wake. Umemnukuu mwenyewe akisema kazi yako haikatai. Kisha ukaongeza "maana yake nichague". Hiyo maana umeitia wewe. Unasema anachagua siku za mbalamwezi. Hachagui yeye, mwezi ndio unaochagua. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, mwezi ukijaa taa hazina kazi, wavuvi wanarudi nyumbani, na kila mke wa mvuvi tangu Katonga hadi Kalya anaijua kalenda hiyo kuliko ya ukutani. Mtu amekaa kambini siku kumi na tano, ishirini, amelala juu ya mchanga, anafika mlangoni anakuta mke anafunga kiatu kwenda kikao cha VICOBA. Kauli ya stendi ni ya mtu aliyeumia, si ya mtu asiyependa maendeleo.

Na ile miezi mitatu ya mwaka 2024. Ziwa lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na hakuna mvuvi wa Kigoma aliyejifungia kwa uvivu. Naamini uliilisha nyumba kwa sabuni na posho, na hongera, hilo si dogo. Lakini mwanamume wa Kibirizi alibeba ndoo bombani mchana, watu wakimcheka, kwa sababu mkewe alikuwa mjamzito. Unajua ni wanaume wangapi mtaani kwenu wangeacha mke abebe na mimba yake kuliko kuchekwa? Unawatembelea, unawajua. Wewe uliona aibu. Mimi ningemtandikia mkeka.

Hapa ndipo ndoa za siku hizi zinaponitia huzuni. Zamani mama wa Ujiji alikuwa akienda sokoni na mawese kichwani na mtoto mgongoni, na hakuna aliyemwuliza kama kazi na ulezi vinapatana. Walikuwepo dada, wifi, shangazi, jirani wa ukuta mmoja. Leo tumehamia vyumba vya kupanga, kila mlango na kufuli lake, na ule msaada wa watu kumi tumewatwisha wawili tu, bibi na mtoto wa kike mkubwa. Wanaume wengi, na hili nawaambia wao pia, wanamwosha mtoto mara moja kwa mwaka na kuita kumsaidia mke, kana kwamba mtoto ni wa mke. Na sisi wanawake tumejifunza neno "maendeleo" tukaligeuza fimbo: mume akisema nakukosa, tunasikia ananizuia. Kila mtu anataka kuonekana nje, na nyumbani hakuna anayetaka kumwona mwenzake. Nimeketi kwenye vikao vya usuluhishi ambapo wawili wote walikuwa viongozi wa vikundi, wote wanasifiwa mtaani, na hakuna hata mmoja aliyejua mtoto wao anaogopa nini usiku.

Basi sikia. Kazi ya afya usiiache. Aliyekuambia uiache atakuwa amekosea, ila kwa mujibu wa barua yako hakuna aliyekuambia. Lakini mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika nne. Ukatibu wa VICOBA uachie mkutano ujao, hisa zako ubaki nazo. Kamati ya shule waandikie barua ya kujiuzulu kwa adabu. Uweka hazina ni mgumu kidogo: kama kikundi kimechukua mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengewa vikundi vya wanawake, usitoke ghafla ukaonekana umekimbia na fedha. Hesabu zikaguliwe mbele ya wanachama, umkabidhi mwingine vitabu kwa maandishi, kisha ubaki mwanachama wa kawaida wa kukoroga sabuni.

Na huyo mwenzako mzito. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 ulihesabu watu 137,294 kwa nchi nzima, na hesabu hiyo imetokana na wahudumu wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Wawili, mwanangu, ili mzigo ugawanyike. Ukimfanyia yeye kaya zake, aliyezilipia ni binti yako kwa Alhamisi zake. Nenda kwa msimamizi wenu wa zahanati, sema kaya zangu ni hizi, zake ni zile. Mama aliyeajiriwa rasmi ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inayompa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akipata zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku. Wewe wa posho hakuna atakayekuhesabia saa hizo, na mtoto wako bado wa kunyonya. Zihesabu mwenyewe, na uzitetee kama unavyotetea za wenzako.

Mumeo akirudi mbalamwezi ijayo, usimwambie umeamua nini. Mpikie mgebuka, mkae, umwulize alimaanisha nini kwa neno stendi, na umwache amalize. Sitaki ujifungie wiki nzima. Asubuhi nenda kaya zako na umwachie mtoto. Mtu aliyebeba ndoo mbele za watu hawezi kushindwa na uji wa mtoto. Saa saba uwe umerudi, na jioni zote ziwe za nyumba.

Mama mkweo mfuate wewe, usimwite. Nenda na kanga na mdomo wako mwenyewe, bila kumtuma binti.

Na kadi ya kliniki iko nyumbani. Surua ya pili ni mtoto akifika mwaka na nusu, imebaki miezi minne. Andika tarehe leo kwenye lile daftari lako la kaya, ukurasa wa kwanza, na siku ikifika umbebe wewe. Mwombe bibi yake mwende wote.

Shangazi