Maswali ya wasomaji: Desktopu ya zamani na kadi ya grafiksi ya bei ndogo

Safari hii barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja, mtu ana desktopu iliyotoka ofisini, bado nzima, anataka icheze gemu au ifanye kazi za video na hela ya mashine mpya hamna. Nimechagua hizi chache maana naona zitawafaa na wengine.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Dell OptiPlex 9020 ile keisi kubwa ya kusimama, prosesa i5-4570, ramu GB 8 kijiti kimoja, na HDD, ile diski ya kuzunguka. Nataka nicheze gemu na pia nahariri video nilizorekodi kwa simu, sasa hivi nikiweka video kwenye taimlaini inakatakata mpaka nakata tamaa. Rafiki yangu ananiuzia kadi ya grafiksi RX 580 kwa bei poa kweli, anasema ni kuchomeka tu. Niichukue?

JIBU: Marahaba. Usiichukue. Kadi yenyewe haina ubaya, shida ni kwamba mashine yako haiwezi kuilisha. RX 580 ikichapa kazi inakula kama wati 185, na inataka waya wake wa pini 8 unaotoka kwenye pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme) mpaka kwenye kadi. Pawa saplai ya 9020 yako ni wati 290 kwa mashine nzima, na huo waya wa kadi haina kabisa. Sasa mtu atakwambia si ubadilishe pawa saplai tu, sawa, ila fungua ubavu wa keisi uangalie ile plagi kubwa inayoingia kwenye madabodi, ile bodi kuu. Kompyuta za kawaida ina pini 24, ya kwako utakuta ina pini 8 kwa sababu Dell walitengeneza mpangilio wao wenyewe, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haiingii mpaka upate adapta ya 24 kwenda 8. Inawezekana, watu wanafanya, lakini hesabu kadi, pawa saplai na adapta kwa pamoja halafu uniambie kama ile bei bado ni poa.

Mimi msimamo wangu kwenye mashine hizi ni mmoja, kadi inachaguliwa na pawa saplai na keisi kwanza, gemu zinafuata. Wengi wanaanza na gemu ndo maana wanaumia.

Habari njema ni kwamba ile sloti ndefu ya kadi kwenye madabodi yenyewe inatoa umeme hadi wati 75 bila waya wowote, na zipo kadi zilizotengenezwa ziishi ndani ya hapo. GTX 750 Ti inakula wati 60, GTX 1050 Ti wati 75, GTX 1650 wati 75, RX 6400 wati 53, na RTX 3050 ile ya GB 6 wati 70, angalia hapo ni GB 6 maana ile ya GB 8 inataka waya. Hata 1650 zipo ambazo kampuni iliyoziunda imeongeza soketi ya pini 6, kwa hiyo kabla hujatoa hela angalia ukingo wa juu wa kadi, upande ule wa mbali na sehemu za kuchomeka monita. Ukiona soketi nyeusi ya pini, siyo yako hiyo.

Kwa kazi zako ningechukua GTX 1650. Simu nyingi siku hizi zinarekodi video kwa mfumo wa H.265, na grafiksi iliyomo ndani ya i5-4570 haina sehemu kamili ya kuusoma mfumo huo, basi kazi yote inaangukia prosesa yenye kori (sehemu za kufanyia kazi) 4 tu, ndo hiyo kukatakata unakoona. 1650 inausoma H.265 yenyewe na inaweza kuuandika pia wakati wa kutoa video. 750 Ti kwenye hilo haitakusaidia. RX 6400 inausoma vizuri ila haina kabisa sehemu ya kuandika video, ni kadi nzuri ya gemu lakini mhariri wa video atajuta.

Halafu jambo ambalo watu hawapendi kulisikia, kabla ya kadi nunua SSD, ile diski isiyozunguka. Ile HDD ndo inayofanya mashine ikae inafikiria kila ukifungua kitu, na hakuna kadi itakayoponya hilo. Ongeza na kijiti kingine cha ramu cha GB 8 aina ya DDR3, vikiwa viwili kwenye sloti za rangi zinazofanana prosesa inavisoma kwa pamoja na gemu zinatulia zaidi, zile za kushtukashtuka zinapungua. Kwa kadi hii usitegemee gemu mpya za mwaka huu kwenye mipangilio ya juu, prosesa yako ina nyuzi 4 tu, yaani inabeba kazi 4 kwa wakati mmoja, na zenyewe zitajaa kabla kadi haijachoka. Gemu za mpira, za magari, za mtandaoni zile zinazochezwa na watu wengi, kwa 1080p utacheza kwa raha.

Siku ya kufunga zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha keisi kisha ndo ushike kadi kwa pembeni. Isukume kwenye sloti mpaka usikie klipu ya nyuma inabana "tak", halafu kaza skrubu. Kadi ikilegea upande mmoja hata milimita chache mashine inaweza isiione kabisa.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimenunua GTX 1050 Ti ya GB 4 mtandaoni kwa bei ya chini sana ukilinganisha na wengine. Windows inaonyesha jina sawa kabisa, lakini nikifungua gemu dakika chache tu skrini inakuwa nyeusi au gemu inajifunga, na nyingine hazifunguki kabisa zinasema Vulkan haipo. Nimebadilisha dreva mpaka nimechoka. Nimeambatanisha picha.

JIBU: Nimeiangalia picha, pole sana ndugu yangu, hiyo siyo 1050 Ti. Tazama pale nyuma kwenye soketi za monita, kuna VGA ile ya bluu yenye matundu 15. Kadi za kizazi cha 1050 Ti, kilichotoka 2016, hazitoi mawimbi ya VGA kabisa, kwa hiyo ukiona soketi hiyo kwenye kadi inayojiita 1050 Ti hamna haja ya kuendelea kuuliza, umeshapata jibu.

Wanachofanya ni hiki, wanachukua chipu za zamani kama GTS 450 ya 2010 au GTX 550 Ti ya 2011, wanabadilisha biosi ya kadi (programu ndogo iliyomo ndani yake) ili ijitaje kwa jina lingine na kusema ina GB 4, Windows inasoma jina tu basi inaamini. Gemu ikitaka kutumia kumbukumbu ambayo haipo, ndo inaanguka. Na hizo chipu za zamani hazina Vulkan, ile njia ambayo gemu hutumia kuzungumza na kadi, hakuna dreva itakayoileta, kwa hiyo acha kuhangaika na dreva. Shusha programu ya GPU-Z inayoonyesha kilichomo ndani ya kadi, ni ya bure, ifungue. 1050 Ti halisi inaonyesha kori 768, hizo za kughushi mara nyingi zinaonyesha 192, na GPU-Z matoleo ya karibuni yakiitambua yanaandika neno FAKE mbele ya jina. Piga picha ya hiyo skrini pamoja na ya soketi ya VGA, fungua madai kwenye mtandao ulionunulia mapema, muda wa kurudisha usikupite. Naumia sana na mambo haya maana wanaoibiwa ni walewale waliojinyima kupata hiyo kadi.

Na wewe unayesoma ukiwa unataka kununua iliyotumika, muombe muuzaji akuonyeshe GPU-Z ikiwa imefunguka na kadi inachezesha kitu kwa angalau nusu saa. Akikataa ondoka.

SWALI: Mimi ni dada mwanafunzi, kompyuta yangu ni ile nyembamba ya ofisi, ina i5-3470. Kadi zote ninazoziona ni ndefu kwenda juu, keisi haiwezi kufunga. Nimeona GT 1030 za bei tofauti sana na jina ni lilelile, kwa nini?

JIBU: Dada umeuliza swali zuri mno. Unachotafuta ni kadi fupi, zinaitwa lo-profaili, na hakikisha kwenye boksi kuna kile kipande kifupi cha chuma cha kufungia, wauzaji wa vitu vilivyotumika wanakipoteza halafu kadi inabaki inaning'inia. Pima pia unene, kadi nyingine zinachukua nafasi ya sloti mbili na kwenye keisi nyembamba jirani wa sloti mara nyingi ni pawa saplai yenyewe.

Kuhusu GT 1030, zipo mbili zenye jina moja. Ya kwanza ya 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 na inapitisha GB 48 hivi kwa sekunde. Ya 2018 ina DDR4, inapitisha kama GB 17 tu. Yaani karibu theluthi moja, na kwenye gemu tofauti inaonekana kwa macho. Soma maandishi madogo kwenye boksi, ikiandikwa DDR4 iache hata kama ni rahisi. Ya GDDR5 inakula wati 30, inakutosha kwa gemu nyepesi na kuangalia video, ila kuandika video haiwezi. Ukiwa na hela zaidi RX 6400 fupi ya sloti moja ina nguvu kuliko hiyo kwa mbali, prosesa yako ina PCIe (barabara ya data kati ya prosesa na kadi) kizazi cha 3 kwa hiyo utapoteza kidogo kwa sababu kadi hiyo inatumia njia 4 tu, ila inavumilika. Wenye prosesa za Intel kizazi cha 2 wasiiguse, PCIe yao ni ya kizazi cha 2 na inaibana sana. Jambo moja ulijue mapema, i5-3470 haina maelekezo ya AVX2 (amri fulani za ndani ya prosesa) na gemu kadhaa mpya zinayadai, zitakataa kufunguka hata ukiweka kadi gani.

SWALI: Nimefunga kadi, feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Nimeunguza?

JIBU: Sidhani. Kwanza angalia waya wa monita umechomeka wapi, kama bado uko kwenye soketi ya madabodi uhamishie kwenye kadi, hili peke yake linamaliza nusu ya kesi hizi. Kama monita yako ni ya VGA, kale kaadapta ka DVI kwenda VGA kasikokuwa na chipu ndani hakafanyi kazi kwenye kadi za kuanzia kizazi cha 1050 Ti, unahitaji adapta inayobadilisha mawimbi kutoka HDMI au DisplayPort. Bado nyeusi? Itoe kadi, ichomeke upya mpaka klipu ibane. Ikigoma tena rudi kwenye grafiksi ya ndani, sasisha biosi ya madabodi kwa faili la kampuni iliyoitengeneza, kisha jaribu tena, maana biosi za kabla ya UEFI (biosi ya kisasa) kuzoeleka kuna kadi mpya hazizielewi.

SWALI: Kuna kiwaya kinatoka SATA, ile plagi ya umeme wa diski, kwenda pini 6, nikitumie kwenye kadi inayotaka waya?

JIBU: Hapana, tafadhali usikitumie. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imetengenezwa kupitisha ampea 4.5, ni wati 54, na soketi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta hadi 75. Plastiki inayeyuka, na moto ukianzia ndani ya keisi wewe unaweza usiwepo chumbani. Kama unataka kujua pawa saplai yako ina uwezo gani kweli, soma stika yake sehemu ya +12V, zidisha ampea kwa 12. Ampea 18 ni wati 216, hizo ndo za prosesa na kadi kwa pamoja, ile namba kubwa iliyoandikwa juu isikuchanganye.

SWALI: Kaka, kuna maana kweli ya kuweka hela kwenye mashine ya 2013 wakati Windows 10 imeshaisha?

JIBU: Ipo, ukinunua kitu ambacho utakihamisha. Ni kweli Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8, mashine yako haimo. Lakini SSD na kadi vinachomoka, kesho ukipata madabodi nyingine unaondoka navyo, ramu ya DDR3 ndo itabaki hapo. Kwa sababu hiyohiyo ningeruka 750 Ti, 1050 Ti na GT 1030 kama bei hazijaachana sana, NVIDIA wameshasimamisha dreva za gemu kwa vizazi hivyo tangu Oktoba 2025 na wamebakiza za usalama tu hadi Oktoba 2028. 1650 bado inahudumiwa. Na kama uko tayari kuhamia Linux, chukua RX 6400, dreva yake ya AMD inakuja ndani ya mfumo wenyewe, unachomeka kadi, unawasha, unaendelea na kazi.