Maswali ya wasomaji: Picha za harusi zimenipa uso usio wangu

SWALI: Mhariri, salaam. Kwenye picha za ukumbini uso wangu umetoka mweusi tii, macho hayaonekani, kinachong'aa ni shela tu. Za studio nimetoka mweupe kama unga, hadi mama mkwe anauliza huyu ni nani. Mpiga picha anasema kamera ndivyo inavyoona. Kweli? Mdogo wangu anaolewa Desemba. — Bibi harusi, Tanga

JIBU: Hongera, dada. Mpiga picha kasema nusu ya ukweli. Kamera hupima mwanga wa vyote vilivyomo kwenye fremu, kisha huusogeza wastani wake uwe kijivu cha kati. Shela likijaza nusu ya fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso ndio unaozama gizani. Kwenye simu, gusa shavu la bibi harusi kwenye kioo, ushikilie kidole hadi kipimo cha mwanga kijifunge hapo. Kwenye kamera, ongeza mwanga kwa kitufe cha +/-, hatua 2/3 hadi 1 (hatua moja ni mwanga mara mbili), huku ukichungulia nakshi za shela zisifutike.

Picha ya uso peke yake ni kinyume. Ngozi nyeusi ikijaza fremu, kamera huongeza mwanga na ngozi inapauka, inakuwa ya majivu. Hapo punguza hatua 1/3 hadi 2/3. Wengi hawalijui hili, wanaongeza mwanga kila wanapomwona mtu mweusi.

Flashi ya usoni moja kwa moja huacha mabaka meupe kwenye paji la uso na pua. Msimamishe bibi harusi ubavuni mwa dirisha kubwa, na upande wa pili mtu ashike shuka jeupe la kumrudishia mwanga, kama mita moja kutoka kwake. Zima taa za ndani, maana rangi yake ikichanganyika na ya jua ngozi huonekana mgonjwa.

Weupe wa studio ni kazi ya kompyuta, si ya kamera. Kabla ya kulipa malipo ya awali, kubalianeni: chunusi zifutwe, rangi ya ngozi isiguswe, na faili za awali mpewe.

Mazoea haya ya kuipa ngozi nyeupe kipaumbele yana historia. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi za mfano za kampuni ya filamu ya Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Filamu zilipoanza kurekebishwa, msukumo mmoja ulitoka kwa watengeneza chokoleti na fanicha, waliolalamika kuwa kahawia za bidhaa zao hazitofautiani. Kadi yenye mwanamke mweusi, mzungu na wa Asia ilikuja miaka ya 1990. Kumbe mbao zilisikilizwa kabla ya watu!

SWALI: Studio imemng'arisha mwanangu kwenye picha ya pasipoti bila kuniuliza. Nikubali? — Baba, Mombasa

JIBU: Usikubali, mzee. Picha ya pasipoti inatakiwa ionyeshe rangi halisi ya ngozi, na iliyochezewa inaweza kukataliwa. Dai irudiwe, mtoto akae mbali kidogo na ukuta ili kivuli kisimwangukie nyuma, kipimo kichukuliwe usoni. Ukipiga kwa simu, angalia kwanza kipengele cha urembo: kwenye simu nyingi kamera ya mbele huja kikiwa kimewashwa. Kirudishe 0 kabla ya kupiga, kwa sababu picha ikishahifadhiwa ikiwa imelainishwa, ya awali mara nyingi haipo tena.