Kopo, tundu la sindano na brashi

Msomaji mmoja ameniuliza natumia programu gani kupata picha zinazoonekana kama zimepigwa na kuchorwa kwa pamoja. Hakuna programu, ndugu yangu. Ni kopo lenye tundu, yaani kamera isiyo na lenzi, halafu brashi ya kuchorea juu ya picha. Nalisema kwa majivuno, kwa sababu jopo la mashindano fulani liliwahi kunirudishia kazi likidai si picha wala si mchoro. Hadi leo linanikera.

Kopo lipake rangi nyeusi isiyong'aa kwa ndani. Tundu la kupitisha mwanga litoboe kwenye kipande cha kopo la soda cha kubandika kwenye kopo lako: bonyeza kwa ncha ya sindano, sugua uvimbe wa upande wa pili kwa msasa, rudia polepole. Karatasi ya picha, inayonasa mwanga ndani ya kopo, ikiwa sentimita 6 kutoka kwenye tundu, kipenyo cha tundu kiwe kama milimita 0.35. Likizidi, picha inakosa ukali. Likiwa dogo mno inakosa ukali vilevile, maana mwanga hutawanyika ukibanwa. Ya chumba cha giza, yaani kusafisha picha, nayaruka, yameandikwa kila mahali. Ila picha ya mwisho ichapishe kwenye karatasi isiyo na plastiki, la sivyo rangi ya maji itateleza.

Sasa uhondo wenyewe. Siku ya mawingu, karatasi ya picha huhitaji dakika kadhaa kunasa mwanga, na kwa muda huo wapita njia wote hufutika. Barabara iliyojaa watu hutoka tupu. Hao waliopotea ndio ninaowachora. Kwa hiyo brashi inaanza kazi kabla sijafungua tundu: naamua nani atarudi na atasimama wapi. Anayepaka rangi ili kuficha picha mbovu huyo anapiga lipu tu.

Mpiga picha wa Kicheki, Miroslav Tichý, alisomea uchoraji Prague, akaja kujiundia kamera za maboksi na lenzi alizozing'arisha kwa dawa ya meno na majivu ya sigara, kisha akapitisha penseli juu ya picha zake. (Kuwavizia wanawake kwa kamera simsifu.) Mwaka 2008 jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris, likamfanyia maonyesho. Jopo langu lingemrudisha nyumbani!

Nanyi vijana, acheni kukimbilia vichujio vya simu. Kaeni na kopo. Pakeni rangi nyepesi, iacheni ikauke, kisha pakeni tena, na uso wa mtu uwe wa mwisho kuguswa.