Sauti Yako Inaanzia Kisiginoni: Kwa Mnaoingia Bendi ya Gwaride

Mwezi wangu wa kwanza kwenye bendi ya gwaride nilikuwa naringia pumzi zangu. Noti moja ya tromboni niliweza kuivuta mpaka wenzangu wageuke kunitazama. Siku moja mwalimu akanirekodi kwa simu nimesimama, kisha akanirekodi nikitembea, noti ileile. Ya kwanza ilitoka imenyooka. Ya pili ilikuwa waa-waa-waa-waa, mtikisiko mmoja kila kisigino kilipogonga chini. Mwalimu hakusema kitu. Aliicheza tena ile ya pili, akatia simu mfukoni, akaniambia niweke tromboni chini. Wiki nzima iliyofuata nilijifunza kutembea, kazi niliyodhani naijua tangu utotoni.

Basi ninayoandika hapa ni ya miguu tu. Ukija kwenye bendi hizi zinazocheza huku zikichora maumbo uwanjani, au vile vikosi vya Marekani vya ngoma na matarumbeta, utagundua kwamba muziki wako umekaa juu ya miguu yako, na miguu ikiyumba na wenyewe unayumba.

Kwanza uliza mtindo. Gwaride la kijeshi linataka kishindo. Baadhi ya bendi za vyuo vikuu vya Marekani huinua paja hadi liwe sambamba na ardhi, na ni tamasha kweli kulitazama, ila si mtindo ninaouzungumzia. Mimi nazungumzia hatua ya kuviringisha wayo, ambayo kazi yake ni moja: kiwiliwili kisijue kwamba miguu inatembea. Hata ndani ya mtindo huu zipo bendi zinazotaka goti linyooke kabisa na nyingine zinazoliacha likunjike kama katika mwendo wa kawaida. Usibishane. Goti ulilofundishwa ulikotoka liache hukohuko, fuata la hapa. Watu 80 wenye mbinu ya wastani lakini iliyo moja wanapendeza kuliko mabingwa 80 kila mmoja na yake.

Kwenda mbele kunaanza kabla hujapiga hatua. Ukiwa umesimama, uzito wako uwe mbele ya wayo, pale vidole vinapoanzia, kiasi kwamba mtu angeweza kupitisha karatasi chini ya visigino vyako. Mguu wa kushoto ndio unaotangulia, na mguu wa kulia ndio unaokusukuma. Wengi husahau huu wa nyuma, wakarusha wa mbele na kujiangushia juu yake. Kisigino kinatua kwa ukingo wake wa nyuma, vidole vimeelekea juu, halafu wayo unashuka polepole kutoka kisigino hadi kidole gumba, kama mkeka unavyokunjuliwa. Usiuachie ukaanguka. Ule mlio wa “pa” wa wayo unaoangushwa ndio nilioupeleka mimi kwenye tromboni.

Kuna jaribio rahisi. Vua viatu, tembea kwenye sakafu ngumu chumba kikiwa kimya. Ukisikia hatua zako, bado. Na usizibane kwa kunyata, maana kunyata ni kwenda kwa vidole. Hapa kisigino lazima kitangulie.

Sasa jambo ambalo lingeniokolea miezi ningeambiwa mapema. Kila mgeni anaangalia mahali mguu unapotua. Metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, inagonga, kisigino kinagusa, anaridhika. Lakini kosa halipo kwenye pigo lenyewe, lipo katikati ya mapigo mawili. Hesabu “moja-na-mbili-na”. Kwenye “moja” kisigino kinagusa. Kwenye “na” vifundo viwili vya miguu vinatakiwa viwe vinapishana, kimoja ubavuni mwa kingine, wala si mapema wala si baadaye. Mgeni hurusha mguu haraka, akafika kabla ya wakati, akausubirisha hewani pigo limkute. Akisimama kwenye mstari na wenzake, mtazamaji anaona miguu kumi ikiogelea na mmoja ukidonoa.

Dawa yake niliichukia, lakini ilifanya kazi. Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika. Piga nusu hatua tu, simama kwenye “na”: mguu mmoja chini, mwingine umeinuka kidogo tu kando yake, vifundo vimekutana. Hesabu hadi nne. Maliza hatua. Rudia. Nilikuwa nikisimama vile kama korongo, nikiyumba, na nikagundua kwamba sikuwa na mizani hata kidogo. Kasi ndiyo iliyokuwa ikinifichia aibu. Ukiweza kuganda kwenye “na” bila kuyumba kwa 60, pandisha hadi 80, ondoa kusimama, acha mguu upite tu. Kwa 120 kila hatua inachukua nusu sekunde na hutakuwa tena na nafasi ya kuufikiria mguu, kwa hiyo fikiri sasa.

Urefu wa hatua nao una kipimo. Uwanja wa futiboli ya Marekani, ambako bendi hizi huchezea, una mstari kila yadi 5, na hatua ya kawaida ni 8 kwa yadi hizo 5, yaani inchi 22.5, takriban sentimita 57. Zipo pia 6 kwa 5, takriban sentimita 76, ambazo mtu mfupi huzilipia kwa mapaja, na 16 kwa 5 ambazo ni nusu ya zile za kawaida. Ukikosea sentimita 2 tu kwa kila hatua, baada ya hatua 16 umekosa sentimita 32, na hapo mstari mzima umeshapinda kwa ajili yako. Zoea kupima kwa mwili: funga macho, piga hatua 8, fungua, angalia mstari uko wapi. Mstari ukiwa katikati ya wayo kila mara, mguu umeshajifunza. Uwanjani hakuna kutazama chini. Mistari utaiona kwa pembe ya jicho.

Kurudi nyuma ndiko kunakotenganisha watu. Hapa visigino havigusi chini kabisa. Unatembea juu ya sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kimeinuka kidogo na kinakaa palepale, hakipandi wala hakishuki. Mguu unaovutwa nyuma unatokea nyongani, vidole vikipita karibu mno na nyasi, na kinachogusa kwenye pigo ni mbele ya wayo. Mwili utataka kuegemea unakokwenda. Ukatalie. Uzito ubaki mbele, kana kwamba muda wowote unaweza kuamriwa kurudi ulikotoka.

Mimi nilijifunza hili kwa gharama. Mazoezi ya jioni, nyasi zina unyevu, tunarudi nyuma hatua 12. Kwenye ya tisa nikachoka, nikashusha kisigino. Kikanasa. Kiwiliwili kikaendelea na safari bila miguu. Nilikaa kitako mbele ya mpiga tuba aliyekuwa akija upande wangu, naye kwa bahati alikuwa mwepesi wa kuruka kuliko umbo lake. Mimi sikuumia, ila mrija wa tromboni unaotelezeshwa ulipinda, na nikacheza majuma mawili na tromboni ya kuazima iliyonukia sarafu za zamani.

Kwenda pembeni sitakaa sana. Kwa wapuliza, miguu na nyonga vinaelekea unakokwenda huku kifua na ala vikiwatazama watazamaji, na msokoto unatokea kiunoni kwenda juu. Ukihisi mabega yanafuata nyonga, unyooshe mgongo kwanza ndipo usokote. Wapiga ngoma hawana anasa hiyo kwa sababu ngoma imefungwa kifuani na wanatakiwa kutazama mbele. Wao hupishanisha miguu kama kaa, mmoja mbele ya mwingine. Ukiwa mpiga ngoma, mfuate mkongwe wa safu yako kuliko unavyonifuata mimi.

Kasi ikipita 180 hivi, wayo hauna muda wa kukunjuka wote. Mviringo unakuwa mdogo, na baadhi ya bendi hukuhamishia kwenye mwendo wa kukimbia kwa mbele ya nyayo, magoti yamelegea ili yameze mtikisiko. Usiukimbilie huo kabla ya muda wake.

Kuhusu maumivu: wiki za mwanzo msuli wa mbele ya muundi utawaka, kwa sababu ndio unaoinua vidole na haujazoea kazi hiyo. Hayo yatapita ukinyoosha vigimbi kabla na baada ya mazoezi. Lakini ukipata maumivu makali kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, yanayozidi kila ukikanyaga, usijifanye jasiri. Pumzika, mwambie mwalimu, nenda ukaonekane. Na viatu viwe na soli laini inayokunjika. Soli ngumu isiyokunjika itakuangushia wayo kama ubao hata ukifanya kila kitu vizuri.

Mwisho wa mwendo ni kusimama, na wageni hulichukulia kama jambo dogo. Hesabu ya mwisho mguu unafunga kando ya mwenzake kwa wakati, uzito bado mbele, na kila kitu kinasimama pamoja, hata pumzi uliyokuwa ukiipuliza. Tatizo ni kwamba miguu husimama halafu kichwa kikamalizia safari peke yake. Sisi tulivaa kofia ndefu zenye manyoya juu, na mwalimu wetu alikuwa hatazami miguu kabisa. Alikuwa anapanda jukwaani, anatazama manyoya tu. Yaliyotikisika baada ya hesabu, mwenyewe alitajwa kwa namba yake.