Elfu Sitini za Section 58, na Maswali Mengine ya Mfuko

Barua za wiki hii zinazunguka jambo moja: nani hasa ni wa tabaka la kati? Nilikaa miaka kumi na minne kwenye dawati la mikopo la Sacco moja hapa Nakuru nikisoma hati za mishahara ya watu, kwa hivyo nitajibu kama karani. Wachumi wana safu zao.

Shangazi, mshahara wangu ni shilingi 60,000. Mke wangu anauza mitumba, tuna watoto wawili, na tumepanga nyumba mtaa wa Section 58. Binamu yangu wa Nairobi anasema sisi ni maskini tuliovaa vizuri. Ni kweli? – Baba wawili, Nakuru

Huyo binamu ana ulimi. Lakini tuanze na hesabu. Hizo 60,000 ni za kwenye karatasi tu. NSSF, akiba ya uzeeni, inachukua 3,600, bima ya afya ya SHIF 1,650, ushuru wa nyumba 900, halafu PAYE, kodi ya mapato, inameza kama 8,540. Mkononi unabaki na 45,300 hivi, na landilodi bado hajapiga hodi.

Kwa miaka mingi Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), likipima kupanda kwa bei, liliwagawa watu wa Nairobi kwa mafungu matatu. Kaya iliyotumia kati ya shilingi 23,671 na 119,999 kwa mwezi ndiyo iliyoitwa ya kati. Viwango hivyo ni vya zamani, na bei ya unga haijawangoja. Sisi wa Nakuru, pamoja na wa Kisumu na kwingineko, tulitiwa kwenye kapu moja la "miji mingine", kwa hivyo usitafute humo mstari uliochorewa Section 58.

Ila hebu rudi kwenye neno hilo, "iliyotumia". Kipimo hakikuuliza pesa zimetoka wapi. Namkumbuka mteja mmoja, mshahara wake 92,000, hati ameikunja mara nne kwenye mfuko wa shati. Nilipoifungua, makato yalikuwa yamejipanga kama abiria wa Krismasi: mkopo wa ploti ya hamsini kwa mia, mkopo wa karo, mkopo wa kulipa ule mkopo wa karo. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na yeye alikuwa ameufikia ukuta huo. Alikuwa amekuja kuuliza kama ukuta unaweza kusogezwa kidogo. Kwa matumizi yake alikuwa tabaka la kati safi kabisa. Kwangu alikuwa mtu wa theluthi moja.

Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo, mwaka 2011, ilihesabu tabaka la kati kuwa watu wanaotumia dola 2 hadi 20 kwa siku kila mmoja. Wale wa dola 2 hadi 4, ambao ndio wengi, ikawaita wanaoelea. Nadhani hilo ndilo jina lenu, na binamu yako pia asijitoe. Usiniambie una sofa ya aina gani. Niambie mtoto akilazwa Jumanne, mtalipa bila Fuliza, ule mkopo wa haraka wa M-Pesa? Kama jibu ni ndiyo kwa sababu pesa za stoki ya mama hazijaguswa, basi mlinzi wa nyumba hiyo ni yeye. Usikope humo kununua televisheni.

Napata 50,000 hapa Kisumu, naishi Migosi. Nimeitiwa kazi Nairobi ya 75,000. Nihame? – Msichana wa Migosi

Mwanangu, nyongeza ya 25,000 ikishapita kwenye makato itakufikia ikiwa haijatimia 16,000. Hizo ndizo unazopima dhidi ya kodi ya nyumba ya Nairobi na nauli ya matatu mbili kwenda, mbili kurudi.

Sisemi Kisumu ni bure. Mji umekaa kando ya ziwa na bado mnauziwa samaki wa barafu kutoka China, kwa sababu sato wa huko bei yake inakutazama usoni. Halafu kuna lile la kuishi karibu na nyumbani: kila Alhamisi simu inalia, kuna mazishi Jumamosi, Gem au Ugenya, tuma chochote. Usidhani Nairobi simu hiyo haishiki. Inashika, na unatuma mchango uleule, ila ukitaka kufika mwenyewe unaongeza nauli ya basi, na Desemba basi halina huruma.

Kama kazi hiyo ina ngazi ya kupanda, nenda ungali kijana. Kama ni kiti kilekile chenye mto mnene zaidi, mimi ningebaki Migosi.

Mtu anaweza kuwa tabaka la kati bila gari? – Lanet

Anaweza. Nawajua wenye Probox ya mkopo inayolala getini wiki nzima ikingoja mafuta ya mia tano.

Ndugu yetu yuko karibu na San Francisco na mkewe na watoto wawili. Mshahara wake ni dola 100,000 kwa mwaka, lakini tukimwomba pesa za kuezeka nyumba ya mama anasema huko yeye ni mtu wa chini. Anatudanganya? – Familia ya Kakamega

Hadanganyi. Mwaka 2018 idara ya nyumba ya serikali ya Marekani iliweka kiwango cha eneo la San Francisco hivi: familia ya watu wanne yenye mapato ya hadi dola 117,400 kwa mwaka ilihesabiwa kuwa ya kipato cha chini. Kiwango hicho hutumika kuamua nani anafaa kusaidiwa kuhusu makao, na kilifika juu hivyo kwa sababu mapato na kodi za nyumba za eneo hilo ziko juu. Haina maana kwamba analala njaa.

Kosa letu ni kuzidisha dola zake kwa shilingi, kisha tukamnunulia mabati ya Lurambi kichwani mwetu. Yeye maziwa anayanunua kulekule. Acheni kumwomba "msaada wa nyumba". Mtumieni orodha ya fundi: mabati mangapi, mbao ngapi, misumari kilo ngapi, na ninyi mlio hapa mumechanga nini. Nimeona orodha kama hiyo ikijibiwa siku hiyohiyo.

Mimi ni fundi wa magari Kaptembwo. Kuna miezi napata kuliko mwalimu, lakini baba wa mchumba wangu anasema hawezi kumtoa bintiye kwa mtu asiye na hati ya mshahara. – Fundi

Mzee haogopi grisi, anaogopa mwezi wa mvua ambao hakuna gari linaloletwa. Mshahara wa mwalimu huja hata ukilala. Nunua daftari, andika kila siku kilichoingia na vipuri ulivyonunua, kwa miezi mitatu, ukihesabu hata siku za sufuri. Ukitoa vipuri na kugawanya kwa tatu, utapata mshahara wako wa kweli wa mwezi, na huenda ukashtuka kidogo. Sacco nyingi zitakukopesha kwa rekodi ya akiba, hati ya mshahara wala hawatataka.

Kisha mpelekee mzee hilo daftari. Beba na sukari na mafuta ya kupikia ya mama, maana yeye daftari hatalisoma.